Mwenzake wa Tano

Jumatatu, 11 Machi 1974

Mvua ya masika imeingia leo saa nane mchana, bila hodi. Paa la mabati la darasa lilipiga kelele hata Kidato cha Nne wakaacha kunisikia, nami nikaacha kufundisha. Nilisimama na chaki mkononi nikitazama migomba ya ng'ambo ya bonde ikipotea mmoja mmoja ndani ya ukungu. Wasichana walidhani nawaza hesabu. Sikuwa nawaza lolote.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili. Kiingereza nimekiachia kazi, Ekegusii kina nyumba na shamba lake, na mume wangu Obadiah husema Kiswahili changu ni cha kuotea ndoto mchana. Hajakosea sana.

Nimeanza leo kwa sababu ya barua ya Benter. Tulisoma pamoja chuoni. Yeye ni mtu wa ziwani, na siku hizi anafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu, Nairobi. Anasema idara ya hesabu inatafuta mhadhiri msaidizi, mmoja tu. Fomu inataka orodha ya kazi ulizochapisha, na mbele ya kila kazi uandike wasomi wengine wameitaja mara ngapi katika maandishi yao. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Julai. Mimi, Christabel Nyangate, nina makala moja, ya mwaka 1971. Walioitaja, kwa nijuavyo, ni sifuri.

Nina miaka thelathini na mmoja. Naitaka kazi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nimeliandika hapa ili baadaye nisijifanye kwamba sikuitaka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia Obadiah. Yeye ni karani wa kupima majani katika kituo cha kununulia chai, na utani wake wote huanzia kwenye mizani. Ameuliza kama Nairobi kuna mtu wa kumpa mizani. Halafu akasema, twende.

Jumapili, 17 Machi

Sisi Wasabato tumekuwa shambani huku Wakatoliki wa kilima cha pili wakiimba. Sauti zao zilikuja zikakatika kufuata upepo, na ukungu ulikaa kwenye michai mpaka saa tano.

Makala yangu inahusu jambo ambalo mtoto angelicheza kwa kokoto. Chukua watu wanaolimiana kwa zamu. Kila siku watatu huingia shamba moja. Nataka kila wawili wakutane mara moja, wasirudie, na asibaki mtu ambaye hajakutana na mwenzake. Kwa watu sita nilionyesha kwamba siku nne zinatosha kabisa, kisha nikapanda kwa aljebra hadi kwenye idadi kubwa zaidi. Kinachonipendeza mpaka leo ni kwamba ukitaja wawili, wa tatu anajulikana. Wawili humwita wa tatu kama namba mbili zinavyozidishwa zikatoa namba. Nikiinama kuchuma chai naona majirani wakigeuka herufi, na herufi zinatembea tatu tatu katikati ya michai, zinapishana, hazigongani. Kikapu changu leo kimekuwa chepesi kwa sababu hiyo.

Jumanne, 19 Machi

Msomaji wa kwanza wa makala ile alikuwa baba mkwe wangu, Tata Jethro Machogu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini, na aljebra alijifundisha mwenyewe kwa taa ya mafuta na ukaidi. Hajaingia nyumbani mwangu hata siku moja, wala hataingia, kwa maana kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mimi naye hatupeani mkono, hatuli meza moja, hatukai benchi moja. Ndiyo chinsoni, haya na heshima ya mkwe kwa mkwe. Siku hizi kuna nyumba zinazolegeza. Tata halegezi. Hata maneno yake huyapitisha kwa mama mkwe, Mama Mong'ina. Tata hukaa nje, mgongo ukutani, mimi niko ndani jikoni kwa Mama, na Mama yuko mlangoni. "Mwambie mokamwana," Tata husema, yaani mke wa mwana, nami nimesikia kila neno, lakini nasubiri Mama arudie.

Kwa hiyo hesabu zetu zilipita kwa madaftari. Jioni niliacha daftari juu ya kigoda kwenye baraza ya ghala, na kesho yake nikalikuta limepigwa alama za vema kwa wino mwekundu, mstari kwa mstari. Chini ya ukurasa wa kwanza wa makala nimemshukuru kwa jina. Ukurasa huo umezunguka kanisani kuliko kikapu cha sadaka.

Leo nimempelekea habari za kazi ya Nairobi. Jibu lake, kwa mdomo wa Mama: watu wa mbali husoma polepole, lakini watasoma.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Wimbi la uji limeota shambani.

Alhamisi, 4 Aprili

Benter amepekua vitabu vinene vinavyoonyesha nani amemtaja nani, vya mwaka 1972. Hakuna.

Jumanne, 16 Aprili

Amemaliza nusu ya kwanza ya 1973. Hakuna. Amechora sifuri kubwa akaitia macho na mdomo. Nilicheka, kisha nikajikuta nimenuna.

Jumapili, 21 Aprili

Shule zimefungwa. Mchana nililala kidogo mvua ikipiga, binti yangu Nyamusi akiwa amelala juu ya mkono wangu, nikaota makala yangu inatembea peke yake juu ya mlima wa Manga. Ilikuwa imevaa koti langu la mvua. Ilibisha mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ulifunguliwa na mtu aliyesema kwa upole sana kwamba amekwisha kula. Nilipoamka mkono ulikuwa umekufa ganzi na sikutaka kuutoa.

Nimekuwa nikijiuliza kazi isiyotajwa na mtu iko wapi. Migomba inakua bila kutajwa. Lakini mgomba hauombi kazi Nairobi.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua ya mawe. Chai imechanika. Tata amemwambia Mama aniambie nisimlaumu Mungu kwa majani.

Jumatano, 8 Mei

Nimetajwa.

Naandika tena ili nilione neno lenyewe. Nimetajwa. Benter ameniandikia kwa haraka hata ametoboa karatasi kwa kalamu. Katika kitabu cha nusu ya pili ya 1973 kuna jina langu, Nyangate C., na chini yake jina la mtu wa Uswidi, Ekdahl, na jarida la huko ambalo sijawahi kulishika. Makala yenyewe hajaiona. Jarida hilo linakuja kwa meli, likifika ataninakilia.

Niliisoma barua shuleni wakati wa mapumziko, nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kama ng'ombe. Kuna mtu Uswidi, penye theluji, aliyekaa mezani akawapanga watu wangu sita kwenye karatasi. Watu wanaolima wimbi huku kwetu wamefika kwake wakaingia bila kupanguza miguu. Nilitamani kujua meza yake ni ya mti gani.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama, naye akapiga vigelegele hata kuku wakakimbia. Kisha Tata, nje ukutani, akasema, "Mwambie mokamwana, sikushangaa." Lakini Mama anasema chai ameinywa ikiwa imepoa.

Jumamosi, 11 Mei

Sabato. Tata alisimama mbele ya kanisa akatoa shukrani. Alisema kazi iliyofanywa katika boma lake, aliyoisahihisha kwa mkono wake, sasa inasomwa ng'ambo. Wazee wakasema amina. Mimi niliinamisha kichwa, na nakiri kwamba haikuwa kwa sala. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami leo nimesifiwa sana.

Jumatatu, 20 Mei

Shule. Mvua. Nimeota lami ya Nairobi ikimeta.

Jumapili, 2 Juni

Obadiah ameanza kuaga watu kwa utani. Nimemwambia aache, asije akaita nuksi. Amesema nuksi haipimwi.

Jumatano, 12 Juni

Nakala imefika. Niliichukua posta Keroka nikaisoma papo hapo chini ya ukingo wa paa, malori ya kwenda Kericho yakirusha matope hadi kwenye sketi yangu.

Ni kurasa mbili tu. Ekdahl anaandika kwa adabu. Anasema Nyangate, katika makala ya 1971, anadai kwamba mpango wa namna hii upo kwa watu sita na kwa idadi nyingine nyingi zinazogawanyika kwa mbili. "Dai hili haliwezi kuwa kweli. Kati ya watu sita, kila mmoja ana wenzake watano. Kila siku anayofanya kazi hukutana na wawili. Watano hawagawanyiki wawili wawili." Basi. Hakuongeza neno la dharau hata moja, na hilo ndilo lililoniuma.

La ajabu ni kwamba jambo la kwanza nililofikiri ni kuwa amekosea kuhesabu. Wenzake ni wanne, nilijiambia, si watano. Nilitembea kutoka Keroka hadi nyumbani nikiwahesabu vidoleni, na kila mara nilipata wanne, na kila mara nilipotazama kiganja changu kilikuwa na vidole vitano. Niliogopa akili yangu. Nilipokaribia nyumbani nikachukua kokoto sita, nikazipanga juu ya mawe ya kisima, nikaondoa moja, nikahesabu zilizobaki. Tano. Nilikaa hapo mpaka sketi ikalowa yote. Nimetajwa mara moja katika maisha yangu, na ni kuambiwa kwamba nimekosea.

Alhamisi, 13 Juni

Sijamwambia Tata. Mstari wenye kosa ni wa tisa. Nimeutazama kwenye daftari la zamani. Una vema nyekundu.

Jumapili, 16 Juni

Sijamwambia. Obadiah nimemwambia. Akasema kutajwa ni kutajwa, fomu inauliza mara ngapi, haiulizi kwa wema au kwa ubaya. Nimemwandikia Benter, najua naye atasema hivyo hivyo.

Alhamisi, 20 Juni

Amesema hivyo hivyo. Anayepokea fomu ni karani, anahesabu tu, hana nafasi ya kusoma kila jarida. "Andika moja, Christabel, kisha nyamaza." Ni rafiki mwema. Ukungu wa leo ulikuwa mzito hata sikuona mikono yangu ikichuma, nikawaza ingekuwa raha mtu kuishi hivyo siku zote.

Jumapili, 23 Juni

Nimemwambia, na naandika yote kama yalivyokuwa.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imepungua, ikabaki ile ya kunong'ona. Tata alikuwa nje ukutani, mimi jikoni nikipanguza sufuria, Mama mlangoni akimenya ndizi za jioni. Sikuwa na ujasiri wa kusema nimeshindwa. Nikasema, "Mama, muulize Tata. Watu sita wanalimiana. Mmoja wao ana wenzake wangapi wa kukutana nao?"

Mama hakupata nafasi ya kurudia. Tata alijibu palepale, kwa sauti ya mwalimu aliyeulizwa jambo la Darasa la Kwanza. "Wanne."

Nami ndani, nakiri, pamoja na yote niliyosoma, mdomo wangu ulikuwa umeshasema wanne.

Mama akaacha kumenya. Akatazama nje, akatazama ndani. "Watano," akasema.

Kisha Tata akasema, bila "mwambie", kwamba yeye Mong'ina hajui hesabu hizi, ni hesabu za juu. Mama hakukasirika. Alisema, "Mimi ndiye ninayepakua. Watu sita wakila, napakua sahani sita. Wewe unahesabu wale utakaokula nao. Yule unayemkimbia humhesabu, lakini naye anakula."

Nikaiona. Niliiona kama mtu anayeona nyumba yake kutoka mlima wa pili. Watu sita wa kwanza niliowachora, mwaka nilioolewa, walikuwa wakipalilia wimbi chini ya boma hili: Tata na mimi, Mama na mume wa binti yake, baba mdogo na mke wa mwanawe. Jozi tatu za wakwe. Watatu waliingia shambani kila siku, na haikutokea hata mara moja mkwe akaingia na mkwe wake. Kila mtu alikuwa na wenzake wanne kwa sababu wa tano alikuwa mtu ambaye hukutani naye, na usiyekutana naye hukumbuki hata kumtoa. Sharti hilo sikuliandika popote. Sikujua kwamba ni sharti. Nilidhani ndivyo watu walivyo. Na msahihishaji wangu alikuwa mkwe wangu.

Nikasema yote kwa sauti, barua ya Benter, makala ya Ekdahl, mstari wa tisa. Sikungoja Mama arudie. Nilipomaliza nilisikia benchi ikilia. Tata alikuwa ameinuka, akaenda chini migombani bila kofia, na mvua ikaongezeka.

Jumanne, 25 Juni

Tata hajakaa ukutani tangu juzi.

Jumatatu, 1 Julai

Nimeandika masahihisho. Ni sentensi moja tu: kila mtu awe na mmoja ambaye haruhusiwi kukutana naye. Ukiiweka sentensi hiyo mwanzoni, aljebra yote inasimama kama ilivyokuwa, hakuna nguzo inayotikisika. Lakini ilivyochapishwa ni uongo, na Ekdahl ana haki. Nimempelekea kwa ndege, pamoja na maelezo kidogo kuhusu wakwe.

Jioni nimeacha nakala kwenye kigoda.

Alhamisi, 4 Julai

Daftari liko palepale. Limevimba kwa unyevu.

Jumatano, 10 Julai

Bado. Nimelitoa, nimelikausha karibu na moto. Mama anasema Tata anashinda chumbani na karatasi, hataki mtu. Nimemwonea hasira, nalisema wazi. Aliitaka sifa yangu mbele ya kanisa zima, na sasa lawama imekuja amejifungia ndani. Nilimdhania mtu mkubwa. Labda heshima hii yote ni ukuta wa kujificha tu.

Na Mama, ambaye miaka mitano nimemchukulia kama mlango wa kupitishia maneno, ndiye aliyekuwa akihesabu sawasawa siku zote. Nimemwambia hivyo. Amesema nile.

Jumatatu, 15 Julai

Nimejaza fomu. Penye nafasi ya "mara ngapi" nimeandika: Mara moja. Nimetajwa kwa kusahihishwa, na aliyenisahihisha amesema kweli. Nimeambatanisha kurasa mbili za Ekdahl na sentensi yangu moja.

Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilijaribu kuandika "1" peke yake, na nilipoitazama nikaona nimemficha mtu tena, kama mara ya kwanza, ila safari hii najua. Obadiah alisoma, akakunja fomu vizuri, akasema mizani yangu haina huruma. Kisha akaipeleka posta mwenyewe.

Jumamosi, 20 Julai

Sabato. Tata hakuja kanisani. Baridi.

Jumatatu, 29 Julai

Barua kutoka Uswidi. Ekdahl anasema kwa sharti lile jipya makala yangu ni kweli tangu mwanzo hadi mwisho, na atalisema hilo katika makala yake ijayo. Itatoka mwakani. Anasema kwao kila mtu hukaa na kila mtu, ndiyo maana hakuwaza, na kwamba amelifurahia sharti hili kuliko dai lenyewe. Anauliza swali: itakuwaje kila mtu akiwa na wawili asioruhusiwa kukutana nao?

Swali zuri. Lilinifuata mpaka kisimani na kurudi. Kwa kamati ya Nairobi limechelewa.

Jumapili, 11 Agosti

Mvua imekwisha. Wimbi limeanza kuwa jekundu. Nangoja.

Jumanne, 20 Agosti

Sikupata.

Barua ni fupi. Kazi amepewa mwombaji ambaye kazi zake zimetajwa mara kumi na moja. Wanashukuru kwa uwazi wangu. Niliifikia nukta ya mwisho ya aya hiyo, nikaona haya mbele ya Obadiah, nikageuka ukutani nikalia. Nililia kwa sababu niliitaka kazi ile, sina sababu nyingine ya kupamba.

Obadiah ndiye aliyeona kwamba kuna aya ya pili. Kamati inarudisha barua iliyopokewa kwa ajili yangu tarehe 24 Julai kutoka kwa Bw. Jethro Machogu, kwa kuwa haiwezi kuzingatia maombi ya jamaa. Barua yenyewe ilikuwa imekunjwa ndani. Kurasa kumi na tisa. Obadiah akatazama chini. Ndiye aliyempa baba yake anwani, na aliapishwa asiseme.

Ukurasa wa kwanza nanakili hapa:

"Mabwana, mimi ni mwalimu mstaafu. Kazi ya Christabel Nyangate niliisahihisha mimi, mstari kwa mstari. Kosa liko mstari wa tisa, nami niliupiga vema. Miaka thelathini sikumwadhibu mwanafunzi kwa kosa la msahihishaji, nanyi msifanye hivyo. Nimeirudia kazi nzima kwa wiki nne. Mistari mingine yote ni sahihi, naiambatanisha. Kosa hili nawaomba mnihesabie mimi."

Kurasa kumi na nane zilizofuata ni makala yangu nzima, imenakiliwa upya kwa mwandiko wa mviringo wa shule ya zamani, na kila mstari una vema nyekundu, isipokuwa wa tisa. Wa tisa ameuweka alama ya kosa, na kando yake amesaini jina lake.

Nilimwonea hasira mtu huyu kwa wiki sita.

Jumatano, 21 Agosti

Mama alikwenda sokoni Keroka na ndizi. Mimi nilikuwa jikoni kwake, na niliposikia benchi ya nje ikilia nikajua ni nani. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nikasema, "Tata, nimesoma barua yako."

Nikasikia kuku. Kisha akasema, kwangu moja kwa moja, "Haikusaidia."

Nikamwambia imenisaidia mimi. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nikakimbilia hesabu, kama kawaida yangu, nikamweleza swali la Ekdahl la watu wawili wasioruhusiwa. Akauliza nimeanzia wapi. Nikamweleza. Akasema hapana, anzia kwa tisa, si kwa sita, na akaeleza sababu, na sababu yake ilikuwa na nguvu. Tulizungumza hivyo, ukuta ukiwa kati yetu, mpaka kivuli cha ghala kikafika mlangoni. Sijui ni lini nimewahi kuwa na furaha ya utulivu namna ile, siku moja baada ya kukosa kila kitu.

Mwisho nikamwambia makala hii ikiandikwa jina lake halitakuwa chini kwenye shukrani. Litakuwa juu, pamoja na langu.

Akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Nani anatangulia?"

"Huko hupanga kwa alfabeti, Tata. Machogu, kisha Nyangate."

"Yanakaa yakigusana?"

Nikasema ndiyo, mstari mmoja, yakigusana. Nilijua analolifikiri: mkwe hagusani na mkwe wake.

"Na aliyehesabu watano," akasema, "huyo umemsahau tena?"

Niliona aibu, kisha nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuyapanga kichwani majina matatu nikaona yalivyokaa, la Mama katikati. Nikampa aandike mwenyewe kwenye daftari, nikalipitisha dirishani. Aliandika kwa wino mwekundu, polepole, nami nikasikia kalamu ikikwaruza: Machogu, Mong'ina, Nyangate.

Mama alirudi saa kumi, amechoka, miguu imejaa vumbi. Tulimweleza, mmoja nje na mmoja ndani. Alitua kikapu mlangoni akasema jina lake tumwandikie, lakini wanaume wa Uswidi wasije wakamwuliza hesabu, yeye alihesabu sahani tu.